Pete Tatu Chini ya Gari la Wanafunzi

KITUO CHA POLISI, MJI WA SANTA RITA, MKOA WA ILOILO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eleuterio Pagunsan, maarufu kama Teryo
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa magari
Dini: Mkatoliki
Makazi: Njia panda ya Tabuc, Santa Rita
Tarehe na saa: Alhamisi, 14 Juni 2007, saa 8:10 mchana
Aliyeandika: Sajenti Lorna Dolar

Mimi niliyetajwa hapo juu sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa sababu tangu jana jioni mnamshikilia Crispulo Belandres, dereva wa gari la wanafunzi, na mtu huyo hana kosa. Binti yake Rhea Joy, mwenye miaka tisa, yuko hospitali ya mkoa akiwa na mpira wa hewa puani, na mpaka ninatoka nyumbani alikuwa hajafumbua macho. Nataka baba yake atoke akakae naye. Nimemwomba Sajenti aandike haraka. Amenijibu kwamba ataandika kwa mwendo wa mkono wake, na kwamba nikae kitini. Nimekaa.

Crispulo tunamwita Polong. Mimi na yeye tunaitana kumpare, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimamia huyo Rhea Joy siku ya ubatizo. Gari lake ni lile dogo la petroli, mbele kibanda cha watu wawili, nyuma bodi iliyo wazi ubavuni, yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Anabeba watoto kumi na mmoja wa shule ya msingi, pamoja na wake. Namba ya gari inaishia na 6, kwa hiyo usajili wake huhuishwa mwezi Juni, na bila cheti cha moshi hakuna usajili.

Mnamo tarehe 28 Mei 2007, siku ya Jumatatu, saa 3:20 asubuhi, nilikwenda na Polong kwenye kituo binafsi cha kupima moshi cha Tres Marias, barabara ya sokoni. Mpimaji alikuwa Jerwin Catalan. Aliingiza mrija wa mashine kwenye bomba la eksozi, gari likiwa linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ilisoma asilimia 7.8. Gari la umri ule halitakiwi kuzidi 4.5. Petroli isiyoungua ilisoma 1,140, kikomo chake ni 800.

Jerwin alisema, "Bwana Teryo, hili si gari. Hili ni jiko la mkaa."

Polong akacheka, "Ndiyo maana watoto wangu wakifika shuleni wanakuwa wameshaiva."

Tulicheka wote watatu. Naomba hilo liandikwe.

Siku hiyohiyo nililifungua gari karakanani kwangu. Plagi zote tatu zilikuwa na masizi makavu. Ingekuwa moja ningesema silinda ina ugonjwa wake, lakini zote tatu maana yake injini inanyweshwa petroli nyingi kuliko hewa. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa makapi ya mpunga, kwa sababu Polong huegesha ubavuni mwa kinu. Choki nayo, kile kibao kinachobana hewa, ilikuwa imekwama nusu. Nilibadilisha kichujio na plagi, nikailegeza choki, nikaliwasha. Lilinguruma vizuri. Mimi sina mashine ya kupimia, nina bisibisi tu. Naiweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, nasikiliza. Kibao cha karakana yangu kimeandikwa HAKUNA GARI BUBU KWA TERYO. Nilikiandika mwenyewe, na kwa miaka ishirini na mbili nilikiamini.

Tarehe 30 Mei, Jumatano, saa 4:00 asubuhi, tulirudi Tres Marias. Petroli isiyoungua ilishuka hadi 760, ikapita. Kaboni ilisoma 5.9. Haikupita.

Polong aliniambia mbele ya madereva wengine waliokuwa kwenye foleni, "Kumpare, hilo sikio lako leo limezibwa na nta?" Alikuwa ananitania, ndivyo tulivyo. Lakini wale wengine walicheka, na kicheko chao nilirudi nacho karakanani.

Alasiri hiyo nilishusha kabureta. Boya lake lilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli. Mtu fulani, zamani, kabla Polong hajalinunua gari, alikuwa amekipanua kwa kekee ili gari liwe na nguvu mlimani. Nikapigia simu duka la vipuri mjini. Wakasema jeti ya aina hiyo itakuja na meli ya Cebu, baada ya siku kumi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu tarehe 4 Juni. Nilijaribu kukipunguza kitundu kwa unyuzi wa shaba, gari likawa linakohoa na kuzima kila ukikanyaga. Nikautoa.

Hapa Sajenti ameniuliza kama nilimwambia Polong kwamba kipuri hakipo.

Jibu: Hapana. Alhamisi tarehe 31, saa 11 jioni, aliniletea gari lilale kwangu. Wazazi walikuwa wameshaanza kumtazama dereva mwingine wa mtaa wa kanisani. Alikuwa na wasiwasi, ingawa si mtu wa kuonyesha. Aliniuliza, "Usinifiche, kumpare. Umeshindwa?"

Nikamwambia, "Nani kakwambia? Njoo kesho saa mbili."

"Kweli?"

"Nenda kalale, Polong."

Kabla ya kuondoka alinionyesha mapazia mapya. Mkewe alikuwa ameyashona kwa turubai zito la bluu, kwa ajili ya mvua, yenye ndoano pande zote na marefu mpaka chini ya sakafu ya bodi. Alilishusha moja, akalifunga, akalipigapiga kwa kiganja. "Shika hapa. Hata tone haliingii. Wala upepo." Nikalishika kwa mkono huu. Nikamwambia mkewe ana kipaji. Akayakunja tena juu, akayafunga kwa kamba, akaenda zake.

Ijumaa tarehe 1 Juni, saa 12:30 asubuhi, kabla hajafika, nililala chini ya gari lile. Kuna mahali bomba linalotoka kwenye injini linakutana na bomba la sailensa, chini ya benchi la nyuma kabisa. Vyuma viwili bapa vinabanwa kwa bolti. Nilizilegeza bolti, nikaingiza katikati pete tatu ndogo za chuma, zile tunazoita washa, nikazirudisha bolti bila kukaza sana. Ukabaki mwanya kama unene wa ukucha.

Nieleze maana yake, kwa sababu Sajenti ameinua kalamu. Injini ikinguruma taratibu, moshi hautoki kwa mfululizo, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo bomba linavuta. Ukiacha mwanya, linavuta hewa safi kutoka nje. Hewa hiyo inachanganyika na moshi, mashine kule mwisho inasoma gesi kidogo. Gesi yenyewe haijapungua hata chembe. Nyingine inatokea mwisho wa bomba ikiwa imechanganywa, nyingine inatokea palepale kwenye mwanya, chini ya sakafu. Kila fundi wa rika langu anaujua mchezo huu. Tulifundishwa na waliotutangulia, na sharti lake ni moja, ukishapima unarudi kukaza.

Polong hakuujua. Alipokuja nilimwambia ilikuwa gasketi tu.

Saa 2:40 asubuhi tulikuwa Tres Marias. Mashine ilisoma kaboni 2.3, petroli isiyoungua 310. Polong alipiga makofi. Lakini ile mashine ina mistari mingine chini, na mmojawapo ni wa oksijeni. Ulisoma 9.4. Kwenye bomba la gari zima oksijeni haitakiwi kufika hata nusu ya hapo. Jerwin aliutazama mstari ule, akanitazama mimi.

Alisema kwa sauti ya chini, "Hewa yote hii imeingilia wapi, Bwana Teryo?"

Nikasema, "Wewe ndiye mwenye mashine."

"Karatasi yetu haina mahali pa kuandika oksijeni."

"Basi usiandike."

"Siandiki. Nakuambia tu. Kilicholegea kikakazwe leo."

Akabonyeza, cheti kikatoka. Mimi simtupii Jerwin mzigo wangu. Ila naye aulizwe, kwa sababu aliona.

Nasema hivi kwa kuwa nimesikia wazazi wanadai Polong alinunua cheti bila gari kufika kituoni, kama wengi wanavyofanya. Si kweli. Gari lilifika mara tatu, na mara zote nilikuwepo. Namba zilizoandikwa ndizo mashine ilizosoma. Karatasi haikudanganya, gari ndilo lililodanganya, na aliyelifundisha ni mimi.

Tukiwa bado pale nje, Polong aligawa wali wa kunata uliofungwa kwa majani, ambao mkewe alimpa, akawa anawaambia wale madereva waliokuwa wananicheka juzi yake, "Kumpare wangu husikia gari likiwaza." Nilikula. Nikamwambia, "Pita karakana sasa hivi nikaze kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu."

"Kama ni kidogo kitasubiri. Niende nikasajili kabla hawajafunga."

Ningeweza kumshika mkono. Ningesema neno moja. Lakini neno hilo lingekuwa kwamba nilishindwa, na madereva walikuwa wamesimama hapo hapo, midomo imejaa wali.

Nikajifariji. Nilijiambia gari liko wazi ubavuni, upepo unapita, moshi unabaki barabarani. Wiki ya kwanza ya shule ilikuwa na jua kali na mapazia yalikuwa yamekunjwa juu. Kila lilipopita njia panda, saa 12:40 asubuhi na saa 10:20 jioni, nilisimama kulitazama. Watoto walinipungia mkono. Nenita, mke wangu, aliniuliza siku hizi nasubiri nini barabarani. Nikamwambia nanyoosha mgongo.

Jumapili tarehe 10 Juni, baada ya misa ya saa 2, Rhea Joy alikuja kunishika mkono na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama mtoto anavyomwamkia baba yake wa ubatizo. Aliniambia, "Ninong, gari la baba linanuka."

"Linanukaje?"

"Kama wakati wa kuliwasha. Ila muda wote. Nikikaa nyuma kichwa kinauma."

"Kwa nini unakaa nyuma?"

"Mbele ni kwa wanaolipa."

Nikamwambia amwambie baba yake alete gari kesho. Akasema, "Nilimwambia linanuka. Akasema wewe ndiye uliyelitengeneza, kwa hiyo haliwezi kunuka."

Sajenti, tangu dakika ile mimi sijakaa mahali nikatulia. Jumatatu tarehe 11, saa 12 asubuhi, nilikwenda kwa Polong nikiwa na spana mfukoni, nikakuta ameshatoka. Jioni nilirudi, nikaambiwa yuko kwenye kikao cha wazazi. Jumanne ilikuwa sikukuu ya Uhuru, naye alikuwa amebeba ngoma za bendi ya shule kwenye gwaride. Saa 9:15 mchana nilimtumia ujumbe wa simu: "Lete gari." Akajibu: "Kesho baada ya shule kumpare. Kuna nini?" Niliandika jibu mara tatu na kulifuta mara tatu. Nililotuma mwisho ni "Hakuna." Simu yangu hii hapa, ujumbe wote umo.

Mnamo tarehe 13 Juni 2007, jana, Jumatano, nilikuwa karakanani nikitengeneza bajaji ya mtu. Shule hutoka saa 10:00 jioni. Saa 10:05 mvua ilianza, na haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Nilikuwa nimeshika spana. Nikatazama matone yanavyopiga turubai la karakana, na hapo ndipo mapazia ya Polong yalipokuja akilini. Nililishika lile turubai kwa mkono wangu Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nikaingiza zile pete, na kwa siku kumi na mbili akili yangu haikuunganisha mambo hayo mawili. Sina maelezo mengine ya hilo.

Nilimpigia Polong. Simu ilikuwa imezimwa, kwa sababu aliwaahidi wazazi kwamba hatashika simu akiendesha. Nilichukua pikipiki aliyokuja nayo mwenye bajaji bila kumwomba. Saa 10:22 nilifika shuleni, mlinzi akaniambia wameondoka dakika saba zilizopita kupitia njia ya daraja. Nilimwuliza, "Mapazia yalikuwa chini?" Akanitazama kama mwehu. "Mvua yote hii? Yangekuwa wapi?"

Kwenye daraja la mfereji maji yalikuwa yamepanda, magari yalikuwa yanavuka moja moja. Gari la Polong nililikuta la sita kwenye foleni, limesimama, injini inanguruma taratibu. Kunguruma taratibu ndiko kubaya zaidi. Saa yangu ilikuwa 10:31. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa kwa ndoano zake. Gari la watoto kumi na mmoja wanaotoka shule, na sikusikia sauti hata moja.

Polong alikuwa kwenye kibanda chake cha mbele, kioo cha upande kimeshushwa kidogo, anakula karanga. Kioo kinachotazama nyuma kilikuwa kimeingia ukungu. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. "Shhh. Wamelala wote, kumpare. Leo nimepata amani."

Nilipiga kelele azime gari. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Nilitoa kisu nikachana lile pazia la nyuma kutoka juu hadi chini. Moshi ulinipiga usoni. Wa kwanza alikuwa Rhea Joy, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwisho kabisa, juu ya ule mwanya, amelalia begi lake. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ya afya kabisa, ungedhani anaota ndoto nzuri. Alikuwa hashikiki, mwili wote umelegea. Polong alimpokea kutoka mikononi mwangu akawa anamwita jina, na kati ya kumwita akaniuliza mara mbili, "Ni nini? Teryo, ni nini?" Watu wa magari mengine walikuja, tukawatoa wote, tukawalaza kwenye mvua. Kumi walitapika, wakalia, wakaamka. Nilipowasikia wakilia nilishukuru. Yeye hakulia.

Saa 10:50 lori la mchele liliwachukua kuwapeleka hospitali. Polong alitaka kupanda, lakini polisi wa barabarani alikuwa ameshafika na wazazi wawili walikuwa wamemshika shati. Akawa anawaonyesha cheti, "Ninacho, tazameni, lilipimwa, lilipita!" Mama mmoja akamwambia, "Umekinunua! Kwa roho za watoto wetu umenunua karatasi!" Akageuka kunitafuta. Akasema, "Muulizeni kumpare wangu. Yeye alikuwepo."

Nilikuwepo, hatua nne kutoka kwake. Sikusema kitu.

Sasa naeleza lile ambalo Sajenti hakuniuliza. Wakati wote walikuwa wanamzunguka Polong, mimi niliingia chini ya gari. Nilikuwa na spana mfukoni tangu Jumatatu. Nilifungua bolti, nikatoa pete tatu, nikakaza. Bomba lilikuwa la moto, nililishika kwa kiganja na sikuachia mpaka nilipomaliza. Ndiyo maana mkaguzi wenu leo asubuhi amekuta eksozi imekazwa vizuri na moshi umezidi ulioandikwa kwenye cheti, akaandika kwamba dereva aliendesha gari bovu kwa kujua. Swali: kwa nini nilifanya hivyo? Jibu: mkono ulitangulia. Hilo si jibu zuri, lakini mkono ulitangulia na mimi nikaufuata.

Usiku Nenita aliona kiganja. "Umeungua wapi?" Nikasema kazini. "Kazi gani kwenye mvua ile?" Aliufunga mkono kwa kitambaa bila kuniuliza tena, na asubuhi aliporudi kutoka sokoni alisema tu kwamba Polong amelala sakafuni kwenye selo yenu, na mkewe yuko hospitali peke yake, kila mlango ukifunguliwa anadhani ni yeye. Kisha akaenda kuosha vyombo. Mimi nilizunguka karakana mpaka saa 7 na nusu. Nilifungua boksi la vifaa nikalifunga, nikalifungua tena. Kisha nikaja.

Pete ni hizi, naziweka mezani. Mtaona moja imepinda upande. Jeti mpya imefika leo asubuhi kwa basi la mjini. Nayo naiweka hapa, ingawa sijui itasaidia nini.

Polong hakujua lolote. Kosa lake ni kuniamini. Mtoeni.

Niliyoyasema hapa ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa yote kwa sauti, nimeyaelewa, na sina la kupunguza.

Sahihi: E. Pagunsan (kwa mkono wa kushoto)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi kuanzia saa 8:10 hadi saa 9:25 mchana. Nilipoona yanamgusa mwenyewe nilimsimamisha na kumwonya kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake, na kwamba anaweza kungoja wakili. Alijibu, "Wakili atachelewesha." Alisimama kitini mara nyingi, sikuhesabu. Kiganja chake cha kulia kina jeraha bichi la moto lenye umbo la mstari. Vielelezo vilivyopokelewa: pete tatu za chuma, jeti moja ya shaba, simu moja.

Saa 9:40 mkuu wa kituo ameruhusu Crispulo Belandres atoke na kupelekwa hospitali kwa gari letu. Hajasomewa maelezo haya, kwa sababu ya hali ya mtoto. Alipopita mezani alimwona shahidi, akamkumbatia, akasema, "Nilijua utakuja, kumpare." Akiwa mlangoni aligeuka akasema tena, "Usikae tu hapo. Kalitazame gari, hawa hawajui pa kutafuta. Wewe utasikia." Gari letu liliondoka saa 9:44.

Shahidi ameelezwa kwamba sasa ni mtuhumiwa na kwamba mkewe yuko nje na mdhamini. Ameomba kalamu aongeze jambo chini ya sahihi yake. Nimemruhusu.

L. Dolar, Sajenti

NYONGEZA YA SHAHIDI

Sitaki dhamana. Polong asisomewe maelezo haya na mtu mwingine. Akirudi anikute hapa, nitamwambia mwenyewe.

E. P.